Nyama ya mu filme na maiti kumi na tatu za Kasugho

Kuna haya zingine mutu anaweza kuzika, lakini ile yangu muji muzima wa Butembo uliiona saa tisa ya muchana, na mama yangu alikuwa amekaa mustari wa mbele, donc afazali niwaelezee miye mwenyewe, kuliko mungojee wale banaongezaka chumvi.

Nilikuwa mwalimu kijana ku masomo (shule) moja ya Waprotestanti pale Kimemi, mutaa moja ya Butembo. Uhuru ilikuwa bado mupya, na barebelle (waasi) balikuwa bametoka kupita kwetu na kuondoka. Wakati balikuja, muji wote ulikimbilia mu pori, na banafunzi yetu, batoto ya muji bale, balipata shida mingi kule, moja akakula muhogo kali mubichi akakaribia kufa. Njo pasteur, directeur wetu, mukubwa wa masomo, akasema vile amani imerudi, darasa ya mwisho itaenda siku tano mu pori ya Kasugho kujifunza kuishi kule, na mbele ya kuenda, batayarishwe. Akanitazama.

"Monsieur Paluku, weye unasoma sana. Utachagua bitabu, utatafuta na filme."

Kusema ukweli, ile "weye unasoma sana" ilinipanda mu kichwa sawa pombe ya ndizi (ile Waprotestanti hatunywake, lakini harufu yake tunaijua). Nikafungua kabati ile bazungu baliacha, nikachagua bitabu tatu zenye picha: moja ya batu banatembea juu ya barafu, moja ya mabaharia banapika viatu yao sababu ya njaa, na moja inafundisha namna ya kujua kaskazini kwa kutazama upande gani muti umeota manyoya ya kijani. (Mu Kasugho miti imeota ile manyoya pande zote, hata mawe, hata mutu akikaa sana fasi moja.)

Filme nikaenda kuitafuta ku Beni, kwa Hadji Ramazani, transporteur mwenye lori, ambaye siku ya posho (jumamosi) alikuwa anaonyesha sinema mu dépôt yake na groupe électrogène kadogo ya kutoa umeme.

"Iko moja ya pori," Hadji akasema, "lakini sijue ndani iko nini. Mwalimu, uitazame mbele."

Nikamwambia hapana lazima, sababu camion yake ilikuwa inapanda Butembo saa ileile, na nafasi ya mbele, pembeni ya chauffeur, ilikuwa wazi. Njo pale kosa yangu ilianza, kwa sababu ya kiti.

Kule Butembo, na mashine ya Hadji, salle ya masomo ikajaa: banafunzi, bazazi, directeur. Filme ikaanza kusema, na luga yake haikukuwa Kifaransa, haikukuwa Kiingereza, hata leo sijue ilikuwa luga gani. Directeur akasimama, akasema, "Monsieur Paluku atatutafsiria." Mutu mwenye akili angesema, sijue. Miye nikakamata fimbo, nikasimama pembeni ya shuka ya sinema, nikatafsiri. Muzungu mwenye ndevu akitoa neno moja, miye natoa kumi. Kisha, katikati ya miti, nyama moja ya pori ikatokea, kubwa, manyoya mingi ya rangi ya udongo, ikasimama ku miguu mbili sawa diacre wa kanisa anapokea sadaka. Ule wa ndevu akaanguka chini, akajifanya amekufa, nyama ikamunusa, ikaenda zake.

Masika, binti aliyekuwa wa kwanza mu darasa, akainua mukono. "Monsieur, ile nyama iko mu Kasugho?"

Leo najua banaiita dubu, na najua kama haiko hata moja mu Congo muzima. Lakini directeur alikuwa ananitazama.

"Iko," nikasema, "mais si mingi."

Mama moja kule nyuma akacheka kidogo, kisha akafunika mudomo na kitambaa, juu nani atabishana na mwalimu mwenye diplôme. Na miye, juu ya kukaza uongo yangu, nikafanya ma-exercices wiki mbili: Kambale, kiongozi wa darasa, anapiga filimbi, bote banaanguka mu cour, kiwanja ya masomo, macho imefungwa, mupaka nimalize kuhesabu mia tatu. Directeur alipita akasema hii njo malezi.

Siku ya tatu mu pori, tulikuwa tunafuata njia kadogo, Kambale mbele na filimbi yake. Mu kona moja nikaona kitu inakuja: kubwa, pana, manyoya ya rangi ya udongo mupaka chini, inatembea ku miguu mbili na inanguruma. Filimbi ikalia. Marafiki, musiniulize nani alianguka wa kwanza. Miye niliyeumba ile nyama na mudomo yangu mwenyewe, miye njo nilianguka mbele ya bote, uso mu matope.

Kunguruma ikasimama. Kisha tukasikia kitu kinaanguka, puu, na miguu inakimbia, na sauti inalia mbali. Hatukutikisika, tulikuwa bado mu mia moja na kitu. Wakati tuliamuka, mu njia kulikuwa tu mzigo mukubwa wa majani makavu ya kufunika nyumba, na mukanda wake wa kubebea ku kipaji cha uso.

Kambale akaitazama murefu. "Monsieur," akasema polepole, "nyama imesahau majani yake."

Ilikuwa mama wa kijiji, majani imemufunika mupaka miguu, na ile kunguruma alikuwa anaimba na mudomo imefungwa. Tukabeba mzigo wake mupaka ku kijiji tumwombe musamaha, lakini kijiji kilikuwa tupu, sufuria ya sombe, majani ya muhogo, bado inachemuka ku moto. Muzee moja mwenye mguu mbovu njo alibaki.

"Bote bamekimbia," akatuambia. "Barebelle bameua batoto ya masomo mu njia, mama wa majani ameona maiti. Kumi na mbili, na mwalimu wao." Akatuhesabu na kidole. "Nyinyi muko bangapi?"

"Kumi na tatu."

"Sawa," akasema, akaingia mu nyumba, akafunga mulango.

Tukakimbia ku barabara, lakini camion ya mbao ilikuwa imeisha kupita na ile habari. Tulipata ingine kesho yake. Kufika Kimemi, tukakuta matanga mu cour ya masomo: bamama bamekaa chini, wangu mustari wa mbele, directeur amesimama na karatasi, anasoma ati marehemu Paluku alikuwa mutu ya kweli, hakusema uongo hata siku moja. Pembeni, camion ya basoda (askari), moteur inaunguruma.

Bengine balituona bakakimbia. Mama yangu hakukimbia. Alikuja akanishika sikio, akalivuta sana, akaanza kulia upya.

Commandant akashuka. "Nani abomaki bango?" alikuwa akiuliza batu kwa Lingala, nani aliwaua, na sasa akaniuliza miye: "Nimeisha kutuma message, maiti kumi na tatu. Barebelle bako wapi? Tunaenda kuchoma kile kijiji kinawaficha."

Ninawaambia ukweli: uongo ilikuwa tayari ku ulimi. Ningesema tuliwaponyoka barebelle, ningekuwa shujaa mupaka leo. Lakini nikaona mu akili ile sufuria ya sombe ya kijiji.

"Hapana barebelle, mon commandant. Ilikuwa mama na majani ya nyumba. Sisi tulifikiri ni nyama, tukalala chini."

"Nyama gani?"

"Ile ya mu filme. Haiko huku. Niliwadanganya."

"Onyesha vile mulilala."

Nikalala, mu cour, mbele ya batu bote, miguu pamoja, ulimi inje kidogo. Basoda bakacheka mupaka moja akaangusha kofia yake ya chuma, commandant akazima moteur, na camion haikuenda Kasugho. Bamama habakucheka. Mama yake Masika akasimama juu yangu.

"Nilikaa mu pori miezi ine na batoto tano," akasema, bila kupandisha sauti. "Nikarudi nao bote. Kwa nini haukuniuliza?"

Nilikuwa bado chini, nikarudisha ulimi mu mudomo.

Tangu pale nilikata shauri: mutoto akiniuliza kitu sijue, nasema sijue, na kama mama yake anajua, namwita mama yake. Mwaka moja inspecteur akakaa mu darasa yangu, akahesabu nimesema "sijue" mara ngapi, akaandika ku rapport kama mwalimu huyu anakosa maarifa, na grade sikupanda. Nilisaini chini bila kubisha, sababu ilikuwa mara ya kwanza batu ya masomo baandike kitu ya kweli juu yangu.