Unga Uliopikwa na Mashine

Waliosema msichana wa mlimani hataweza kufungua injini akairudisha ikanguruma, leo wananiletea injini zao. Nilirudi kutoka ng'ambo na diploma ya ufundi wa mitambo, na siwafichi: darasani nilikuwa wa kwanza. Lakini nikinusa mahindi yaliyosagwa sasa hivi, narudi miaka ya Hali ya Hatari ya mkoloni, katika kijiji tulichohamishiwa karibu na Embu, kwa nyanya yangu aliyegoma kula.

Mchana kutwa akina mama walichimbishwa handaki la kuzunguka kijiji. Kafyu ikianza, hakuna kutoka. Nani angepata nafasi ya kusaga kwa jiwe? Basi Mzee Salim, mfanyabiashara Mwislamu, alipofunga mashine ya kusaga karibu na lango, mama alinituma na debe la mahindi. Mkanda ulikimbia, sakafu ikatetemeka, unga ukashuka una joto kama yai lililotoka kutagwa. Nikanyoosha mkono.

"Toa vidole, wewe! Unataka watu wale ugali wa nyama?" Mzee Salim alifoka huku akicheka.

Nyumbani, nyanya aliugusa unga akarudisha mkono haraka. "Huu umeshapikwa. Chuma kimekula utamu, kimetuachia majivu."

"Ni unga tu, mama," mama yangu alimsihi.

"Basi kula wewe."

Siku mbili hakuonja kitu ila maji. Mashavu yalibonyea, nikaogopa atakufa. Siku ya tatu nilivunjavunja mahindi kwa mawe nyuma ya nyumba, nikachanganya zile chenga kwenye unga, nikaupepeta mbele yake.

"Nyanya, tazama. Mashine haijui kazi."

Alitafuna chenga moja polepole, akanitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe haina meno!" Akatoa kiondoni jiwe lake dogo la kusagia, akapiga magoti kwenye mwamba wa mlangoni, akazisaga. Jioni alikunywa uji bakuli mbili.

Nilijitapa kwa watoto wenzangu kwamba nimemshinda nyanya kwa akili. Baadaye chuoni nilijifunza kuwa joto lile lilitokana na msuguano tu, nikajitapa tena. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba mwanamke aliyesaga tangu utoto wake hawezi kukosa kuijua chenga ya jiwe akiitia jinoni. Aliujua ujanja wangu palepale. Wakoloni walikuwa wamemwondoa shambani na nyumbani kwake, kisha mashine ikamwondolea hata kazi ya kusaga. Mimi nilimletea kazi, naye akaipokea.