Kitanda cha Adosinda

Adosinda alikunja vichwa vya bakora tangu usichana wake. Hapa Gestaçô, kijiji chetu cha Ureno, karibu kila nyumba ina mtu wa kazi hiyo, lakini mikono yake ilijulikana. Fimbo ikitoka kwenye maji ya moto, aliipinda taratibu kama anayemgeuza mtoto aliyelala, nayo haikupasuka. Mumewe Belmiro, fundi pia, alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja, Abílio, na kitanda. Belmiro alikichonga mwenyewe kwa mbao za Brazil, ngumu, nyekundu zenye mistari myeusi, za aina ambayo leo huipati hata uitafute vipi. Juu ya kitanda hicho Abílio alizaliwa, na Belmiro akakata roho.

Majira ya baridi yale nimonia ilimwangusha Adosinda. Akalazwa mjini, hajitambui, na sisi majirani tukaanza kumtaja kwa sauti ya chini. Kisha akafumbua macho, akaomba supu. Siku ya kuruhusiwa Abílio hakupokea simu, basi nikaenda mimi kumchukua mama yake.

Tuliingia nyumbani kwake nimemshika mkono. Alisukuma mlango wa chumba, akasimama. Sakafuni palikuwa na alama za miguu ya kitanda na vumbi tu. Nilidhani wameingia wezi. Yeye alinusa harufu ya mbao iliyokatwa, akageuka, akaelekea karakana ya nyuma. Abílio alikuwa anapiga msasa. Ukutani ziliegemezwa bakora mpya, nyekundu zenye mistari myeusi, zinang'aa. Mpini wa mojawapo bado ulikuwa na ua ambalo Belmiro alilichonga kichwani mwa kitanda.

Abílio akapauka kuliko mgonjwa. Akaanza kueleza habari za mteja wa mji wa Porto, na jinsi mbao zile zilivyoadimika, kisha akaweka msasa chini.

"Mama, daktari aliniambia nijiandae."

"Nawe ukajiandaa."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani, mwanangu. Si hiki nakiona?"

Hakupaza sauti. Alichukua bakora yenye ua, akaiegemea, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kutembelea hata moja, akaniambia twende kwangu.

Tuliishi naye mpaka mwisho wake. Siku za mwanzo alikaa dirishani, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyepigwa kofi asijue limetoka wapi. Aliniambia kitanda si kitu. Kilichomshtua ni kwamba mwanawe alishamzika, akashika msumeno, ilhali yeye mama bado anapumua.

Kila Jumapili Abílio alileta mkate wa mahindi na supu ya kabichi. Walizungumza habari za mvua. Jumapili moja akaomba radhi, analia juu ya kitambaa cha meza.

"Nimesikia," Adosinda alisema, akamsogezea bakuli, ale kabla supu haijapoa.