Siku Niliyokiua Chama Kizima, Mimi Nikiwemo

Jamani, hili naona aibu hata kulisimulia, lakini kwa kuwa Bunda nzima wanalijua, bora mlisikie kwangu kuliko kwa hao wanaoongeza chumvi. Mimi ndiye niliyewaua wanachama wote wa chama chetu cha kuzikana, kwa mkupuo mmoja, mchana kweupe, na mwenyewe nikiwemo.

Databesi yetu ilikuwa kwenye mfumo wa kampuni moja ambao leseni yake ilikuwa haiishi kupanda bei, kamati ikaamua tuhamie mfumo wa kampuni nyingine, na mtaalamu nani? Mimi Wambura (nilijitapa kwenye kikao mpaka wakanipigia makofi). Nikahamisha majina, vijiji, namba za simu za ndugu, vyote vikaingia vizuri, ila sehemu moja ikagoma: tarehe ya kufariki. Mfumo wa zamani ulikubali iwe tupu, maana mtu yuko hai, utaandika alikufa lini? Huu mpya ukakataa katakata, unataka tarehe. Njaa inauma, nikasema usinisumbue, nikawajazia watu wote tarehe ya siku hiyo ili data ipite, nitarekebisha nikirudi, nikauwasha mfumo nikaenda zangu kula sato.

Nilichosahau (na nilikitengeneza kwa mikono yangu hii!) ni kwamba mfumo ukiona tarehe ya kufariki, papo hapo unamtumia ndugu wa marehemu meseji ya msiba.

Sijamaliza hata upande mmoja wa samaki, simu ikaita, ni mwenyekiti wetu, Mzee Magesa wa Nyasura.

"Wewe kijana! Mke wangu anagaragara chini huku, ameambiwa nimekufa, na mimi ndo nimemshika!"

Kabla sijajibu wakapiga wengine, na wengine, wote wanalia au wanatukana, nikaona hapa sitafanya kazi, nikazima simu, nikakimbilia ofisini. Nikazuia meseji, nikaurekebisha mfumo ukubali patupu, nikafuta zile tarehe, nikashusha pumzi. Ndipo nikakumbuka kwamba na mimi ni mwanachama, na ndugu niliyemwandikisha ni Mama, yuko Butiama, ana presha.

Nikawasha simu, nikampigia. Hapatikani. Nikachukua bodaboda mpaka Butiama, njia nzima namwomba Mungu asiniadhibu kiasi hicho.

Vilio nilivisikia kabla hatujafika nyumbani. Turubai limeshafungwa, kuni zimeshaletwa, fahali amefungwa pembeni anasubiri kisu, na nyuma ya nyumba, jirani na kaburi la marehemu baba, vijana wanachimba, baba mdogo amesimama na jembe anawaelekeza. (Kaburi langu! Nililiona kwa macho yangu, limefika magotini.) Shangazi mmoja akaniona, akapiga yowe, watu wakatimka, viti vikapinduka.

"Ni mimi, Baba mdogo! Mzima! Ni kompyuta tu imekosea!"

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, jembe bado mkononi.

"Nilikupigia mwenyewe nihakikishe. Kompyuta inazimaga na simu?"

Nilitamani lile kaburi liendelee kuchimbwa.

Mama alikuwa ndani, amekalishwa kwenye godoro chini, sauti imekauka. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alinishika mashavu, akanishika masikio, akanipapasa kifuani polepole.

"Nilikupigia, Wambura," akasema. "Nilipiga mpaka chaji ikaisha."

Data ilikaa sawa siku ileile, kaburi likafukiwa, fahali akarudi zizini, chama wamenisamehe kwa kunicheka. Lakini Mama nikichelewa tu kupokea simu yake, nikija kupokea namkuta ameshaanza kulia. Kwa hiyo naapa mbele yenu: palipo tupu nitapaacha tupu, hata mfumo ugome mpaka Yesu arudi, na simu yangu sitaizima tena hata nitukanwe na mkoa mzima.