Nilichoma Karatasi za Hisa Alizoniamini Nazo Kaka Yangu

(Jina la mama huyu tunalo, tumelificha kama alivyoomba. Anaishi Kibaha.)

Wasomaji wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, nina watoto watano. Kusoma nimejulia ukubwani, kwenye darasa la jioni la kina mama, kwa hiyo mtanisamehe mwandiko.

Kwetu ni Kisarawe. Mama yetu alipofariki aliniachia mikorosho. Siku ya arobaini kaka yangu wa tumbo moja alikuja kutoka Nairobi alikokuwa akifanya kazi. Nikamwambia fedha za korosho nataka kuzitia zote kwenye hisa za ushirika wetu. Akasema, "Tia, dada, sikukatazi. Lakini usitie zote sehemu moja. Nyingine nipe nikakununulie hisa kule, kidogo kidogo za makampuni mengi. Kisha zisahau mpaka watoto wakue." Akatoa fomu, nikaweka dole gumba. Halafu akaninong'oneza, "Na fedha za wanangu nazitia humo kwa jina lako. Mimi nakunywa, najijua. Zikiwa kwangu nitaziuza."

Karatasi zilipokuja nikazificha kwenye kopo. Mume wangu sikumwambia, nilijua atasema fedha yetu ijenge nchi yetu.

Baadaye mume wangu akawa katibu wa chama, hiki kinachoongoza nchi, tukahamia Kibaha. Kumbe kiongozi haruhusiwi kuwa na hisa za kampuni, yeye wala mkewe. Jioni moja wageni wakamtania barazani, "Katibu, mwenzako kavuliwa uongozi kwa hisa za mkewe. Wako je?" Akacheka sana. "Hisa za mke wangu nazijua mimi. Kuku saba na jogoo mmoja."

Nilikuwa nawapelekea chai, nikatua sinia nikarudi ndani. Asubuhi yake alipotoka tu, nikazisukuma zile karatasi jikoni, chini ya sufuria ya maharage. Akili yangu iliniambia karatasi ikiungua, hisa nayo imekufa na kosa limekwisha.

Na huo ushirika wetu ulivunjwa. Tuliambiwa tusubiri hisa zetu, nasubiri mpaka leo.

Mwaka jana kaka amefariki. Mpaka wa Kenya umefungwa, sikumzika. Barua ya wifi yangu ilinifikia kwa kupita mikononi mwa watu: "Wifi, marehemu alisema karatasi za watoto unazo. Alisema kwa dada yake hazipotei. Ada zimenishinda." Nikamjibu zimeungua, sikusema nani kaziunguza. Akaandika tena kwamba hisa zipo na zimekua, karatasi mpya zitatolewa, ila mpaka mimi niape kwa hakimu na kutia sahihi kuwa ni zangu.

Hakimu wa hapa ni rafiki wa mume wangu, kahawa wanakunywa pamoja. Nikiapa, mume wangu anavuliwa kazi aliyoifanya bila kula cha mtu, na atajua nimemficha miaka yote hii. Nisipoapa, watoto wa kaka yangu wanafukuzwa shule, na baba yao amekufa akiniamini.

Juzi mume wangu alinikuta nalia. "Bado msiba, mama?" Nikasema bado. Akachukua ndoo, akaenda mwenyewe kunitekea maji.

Fomu ya kiapo aliyoileta wifi na barua iko chini ya godoro. Safari hii hawataki dole gumba, na jina langu sasa najua kuliandika. Nishaurini wenzangu, niliandike?