Zaburi ya Kaingu Haikurudiwa

Kaingu alikuwa mwalimu wa kwaya katika kikanisa chetu, juu ya Msambweni. Kazi yake hasa ilikuwa kugema tembo, na nyimbo alizitunga hukohuko juu ya minazi.

Mwaka wa pili baada ya uhuru, padre alimwambia zaburi ya kuwaombea marehemu ibaki na maneno yake ya Kilatini, ila atunge sauti za kwetu, na kupiga kayamba ruhusa. Kaingu akauchukua wimbo wa matanga wa Kiduruma, akaupachika yale maneno, akaugawa sauti nne.

Siku ya mazoezi alipoanza tu, mimi nikakaa chini.

"Mama Boga, inuka," akaniambia.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Tunajifunza."

"Kilio hakijifunzwi. Ukiimba wa matanga na maiti hakuna, unamwita. Unamwita nani, Kaingu? Mwanangu au wako?"

Wanawake wote wakakaa. Mmoja akasema, "Tangulia wewe, mwalimu, tukuimbie vizuri." Tukacheka. Yeye hakucheka, maana padre alishamwonya: zaburi isipokuwa tayari kufikia Siku ya Marehemu, kinanda na sauti za Kizungu vitarudi.

Kisha akauliza, "Na nikiwafundisha vipande? Ninyi peke yenu, wanaume peke yao?"

Nikamjibu hapo sawa. Kipande si kilio.

Basi tukajifunza hivyo, hata yeye mwenyewe asipate kuisikia nzima. Siku ya Marehemu tukaiimba makaburini, wafu wetu wakiwapo. Padre alivua miwani akafuta macho, na kinanda hakikurudi tena. Ila pale katikati wanaume waliingia kwa kuchelewa, Kaingu akauma mdomo.

"Turudie mara moja tu," akaniambia.

"Zaburi imeshaimbwa. Unataka maiti wa pili?"

Kila mwaka walichelewa palepale, kila mwaka akaomba, nami nikakataa. Sijutii. Watoto wetu walikuwa wazima.

Kaingu alipofariki, tulikusanyika kwake. Nikawaambia wanaume, "Leo maiti yumo ndani. Leo tutarudia." Wakachelewa. Nikawasimamisha. Wakachelewa tena. Mwanawe akaja kusema kaburi liko tayari, watu wanangoja juani.

"Wangoje," nikasema.

Tuliirudia mpaka wanaume wakaingia pamoja nasi, sawasawa kama alivyotaka. Ndipo nikawaruhusu wamchukue.