Aliyeosha Hakuambiwa

Kila nikisikia kwamba wakubwa wa dunia wameketi tena kupatana juu ya silaha za maangamizi, nani awe nazo na nani asiwe nazo, hushikwa na hasira hata chai naiweka chini. Wajukuu wangu hunicheka. Husema, babu, hayo ni mambo ya kheri, hao watu wanatafuta amani. Haya, na waitafute. Mimi siyapingi makubaliano. Nataka tu kujua kama mara hii wamekumbuka kumwambia mwosha.

Baba yangu alikuwa fundi wa kofia za mkono, zile za vijitundu vidogo vidogo, kila kimoja kinazungushiwa uzi peke yake. Si kazi ya mwenye haraka, wala si ya mwenye macho mabovu. Tulikaa Likoni, upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, na sote nyumbani tulikula kwa sindano yake. Kazi yake ya pili haikuwa na ujira ila kwa Mungu: aliwaosha maiti wa kiume wa mtaa wetu. Akimaliza alipenda kuwatania waliomsaidia, "Mwosha huoshwa, jamani. Siku yangu ikifika mnisugue vizuri, msinipake maji tu."

Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha. Kaka yangu alipata kibarua katika kambi moja ya wanajeshi wa Kizungu upande wetu huo huo wa bara. Kazi ilikuwa kutoa mapipa ghalani na kuyapakia kwenye malori, yapelekwe kuzamishwa baharini, mbali huko kwenye maji makuu. Ndani ya mapipa mna nini, hakuna aliyewaambia. Kaka alidhani ni mafuta yaliyoharibika, akashangaa watu hawa wana mali kiasi gani hata wamwage mafuta baharini.

Asubuhi moja pipa liliponyoka juu ya lori, likamwangukia kifuani na kupasuka. Alikufa pale pale. Walimleta kabla ya adhuhuri, amefungwa turubai na kamba kama furushi la papa ng'onda. Mnyapara aliyekuja naye alisimama mbali na mlango wetu.

"Msimfungue," alisema. "Amri ni mumzike hivi hivi, sasa hivi."

"Kwa nini?" baba akamuuliza.

"Ni amri, mzee."

"Amri ya nani? Nambia sababu, bwana we. Mwanangu si mzoga, wallahi."

Mnyapara alipanda lori. Nadhani hata yeye hakujua. Walimpa amri, sababu wakabaki nayo wenyewe. Lori likaondoka.

Sasa niambieni, ni mzee gani wa Kiislamu angemzika mwanawe bila kumwosha, eti kwa kuwa mtu asiyemjua ameamuru? Tulijua wale mabwana walivyotuona. Tukaichukua amri ile kuwa ni dharau tu, kama dharau zao nyingine. Baba akazikata kamba. Turubai lilipofunguka ikatupiga harufu kali ya kitunguu thomu, na nguo za kaka zilikuwa zimelowa kitu kama mafuta mazito. Tukatundika shuka uani. Mama akapasha maji moto. Mimi nikawa namimina, baba akawa anasugua, kiungo kwa kiungo, kwa taratibu ile ile aliyowaoshea watu wengine. Mafuta yale hayakutaka kutoka, naye akazidi kusugua. Machozi yalimtoka, na kila yalipomzuia kuona aliyafuta kwa kiganja kile kile cha kusugulia.

Jioni, tumekwisha rudi makaburini, akaanza kusema, "Mato yaniwasha." Tukadhani ni macho yaliyochoka kwa kulia. Kesho yake mikono yake na yangu ilikuwa imeota malengelenge makubwa yenye maji ya manjano, na kope zake zilikuwa zimevimba hata hazifunguki. Mkono wangu wa kushoto una makovu mpaka leo. Mimi nilikuwa mmiminaji tu, ndiyo maana nikapata mkono, yeye akapata yote.

Nilimvusha kwa feri hadi hospitali ya kisiwani. Daktari, mtu mwema, alimsafisha macho akatwambia, "Nendeni kambini mkaulize pipa lilikuwa na nini. Nikijua nitajua la kufanya. Nisipojua nabahatisha tu." Neno moja, basi, na pengine macho ya baba yangepona.

Tulirudi tukaenda moja kwa moja langoni pa kambi, nikimwongoza baba kwa mkono. Jirani yetu mmoja aliyetoka vitani, tuliyekutana naye ferini tukirudi, alikuwa ameshatueleza kwamba harufu ile aliifunzwa jeshini: ni sumu ya vita, jina lake kalisahau, inachoma ngozi na macho, na wao walifanyishwa mazoezi ya kuvaa barakoa kujikinga nayo. Nilimweleza hayo bwana mkubwa wa kambi aliyetutokea langoni, kwa adabu zote. Akawa mwekundu.

"Nani nasema hii maneno?" akauliza, kwa Kiswahili chao kile. "Mataifa yote nakubali zamani, hii sumu hapana ruhusa. Kama hapana ruhusa, hapana iko. Hii mzee nashika ugonjwa ya macho tu. Kwenda."

Nimeishi miaka mingi na sijasikia uongo uliofumwa vizuri kama huo. Kwa kuwa imekatazwa, haipo. Kwa kuwa haipo, haikukuunguza. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba ni kweli mataifa yaliwahi kutiliana sahihi, kabla ya vita vile kuanza. Yalikatazana kurushiana sumu. Kuiweka ghalani hayakukatazana. Basi kila mwenye nguvu akajiwekea yake, na nyingine ikafika Likoni, kwa watu wasiokuwa na ugomvi na yeyote. Na ule mkataba, ambao ulipaswa kumlinda mtu kama baba, wakautumia kumfungia lango.

Aliyenitia hasira isiyopoa, bila kukusudia, ni imamu wetu. Alikuja kumjulia hali baba, na alipopata habari yote alishika kichwa.

"Ndugu yangu, mngeambiwa maji yatadhuru, tungemtayamamisha," alisema. "Vumbi safi tu badala ya maji, mkono umezongwa kitambaa. Na hata hilo lisingewezekana, angezikwa alivyo na Mungu hana kinyongo. Sheria ipo tangu na tangu."

Mlango ulikuwa wazi! Dini yetu ilikwisha kumfikiria maiti asiyeweza kuguswa na maji, karne nyingi kabla ya wao kutengeneza mapipa yao. Walichotakiwa ni kusema, ana sumu mwilini. Baba si mjinga. Angelia, angetii, na angebaki na macho yake.

Hawakusema. Macho yakapofuka polepole. Kwanza akashindwa kuona vijitundu, kisha tundu la sindano, kisha nyuso zetu. Mama akaanza kukaanga mihogo ya kuuza barazani ili tule.

Siku moja tulikuwa kwa muuza kahawa, mtu mmoja akitusomea gazeti. Likasema mataifa makubwa yamekutana kuzungumza juu ya lile bomu lililomaliza miji ya Wajapani. Wanataka lisienee, tena wanajadili kukaguana. Watu wakasema alhamdulillahi. Baba akaweka kikombe chini.

"Na mwosha ataambiwa?" akauliza.

Msomaji akalitazama gazeti kana kwamba jibu limo humo. "Hawakuandika, mzee," alisema.

"Basi hawajapatana kitu," akasema baba, akanipa mkono nimwongoze nyumbani.

Alipofariki, nilimwosha mimi. Nilimsugua vizuri, kama alivyotaka. Kazi yake nikairithi, na nimewaosha wengi Likoni hii, wengine vipenzi vyangu. Sijui mpaka leo jina la kilichokuwamo ndani ya lile pipa. Aliyelijua alikwenda nalo kwao. Ila jambo moja nililifunzwa uani kwetu: nikiosha maiti na machozi yakinijia, siyafuti. Huyaacha yateremke yenyewe mpaka kazi iishe.