Namba Inayokwenda kwa Mama

Barua pepe yangu hainijui. Ninayo tangu nikiwa mwanafunzi, lakini kila nikitaka kuifungua huniuliza mimi ni nani, kama mlevi anayemsahau mwenyeji wake kila akitoka msalani. Naandika neno la siri, inalikubali. Kisha inasema haijaridhika, itatuma namba kwenye simu. Na simu yenyewe si yangu. Ni ya mama, na mama yuko Ulyankulu.

Nilipoifungua kwa mara ya kwanza nilikuwa likizo, na nyumbani kwetu simu ilikuwa moja tu. Laini zangu zimeibwa, zimefungwa, zimepotea. Ya mama haijabadilika, kijiji kizima kinaijua. Nimeshajaribu kuiondoa niweke yangu. Nikajibiwa kwamba ili kuibadili, kwanza itumwe namba kwa mama, halafu nisubiri wajiridhishe. Nikasubiri. Wakasema hawakuweza kunithibitisha. Nilitukana peke yangu sebuleni hapa Chemchem, Tabora mjini, nikaacha.

Mama mwenyewe maswali ya namna hiyo anayajua kuliko mimi. Aliingia nchi hii akiwa msichana, anakimbia mauaji kwao Burundi, na kwa miaka mingi hakuweza kutoka kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu kuja Tabora mjini bila kibali mkononi. Makarani walimuuliza yeye ni nani, askari wa njiani wakamuuliza, na hata baada ya uraia bado kuna waliouliza. Alikuwa akituambia sisi tuliozaliwa hapa na kusoma hapa kwamba kwetu hayo yamekwisha.

Basi nikihitaji namba nampigia. Ila mama hasomi namba kabla ya salamu. Shikamoo, marahaba, kisha kwa lugha yetu ya nyumbani: umeamkaje, watoto wameamkaje, wakwe je, yule jirani aliyevunjika mguu anatembea? Ukiruka salamu moja, anakurudisha. Mpaka tufike kwenye namba, muda wake umekwisha, inabidi niombe nyingine.

"Namba gani hiyo isiyosubiri watu wasalimiane?" huwa anauliza.

Zamani nilikuwa nacheka. Niliacha kucheka macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Madaktari wa macho hufika mjini kwa nadra, na safari hii jina lake lilipita. Nikapata ujumbe mfupi kutoka hospitali: fungua barua pepe yako, uthibitishe kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Nikawapigia nithibitishe kwa mdomo. Dada wa mapokezi alikuwa mpole sana. "Tunakuelewa, mwalimu, ila utaratibu ni barua pepe tu."

Nikaifungua. Ikasema imeona kifaa isichokitambua. Kifaa chenyewe ni simu ileile niliyoitumia jana yake!

Nikampigia mama. "Mama, leo salamu tuziache kwanza."

Akauliza kwa sauti ndogo: "Nani amekufa?"

Kwetu hakuna anayeruka salamu ila mleta msiba. Ilibidi nimtajie watoto wangu mmoja mmoja, wote wazima, ndipo apumue. Muda wa namba ukawa umekwisha. Ikaja nyingine, akasoma, ikakataliwa. Ikaja nyingine, akatoka nayo juani. Majirani wote walikuwa kwenye mashamba ya tumbaku, hapakuwa na mtu wa kumsomea.

"Hii ni sita au sifuri, mwanangu? Mimi naona duara tu."

Nikabahatisha sita. Nikaambiwa nimejaribu mara nyingi mno, nirudi baadaye. Macho yanamzuia kusoma namba, na namba inamzuia kutibiwa macho. Ningekuwa na mtu wa kumkaba koo siku ile ningemkaba, lakini huwezi kukaba kitu kisicho na shingo.

Nikachukua pikipiki mpaka Ulyankulu. Saa tisa ilinikuta njiani, nikaendelea tu. Mama alikuwa amekaa nje, anachambua maharage kwa vidole. Nilikuwa bado upande wa nje wa uzio, sijasema neno, nimekohoa vumbi tu.

"Vumbi limekumaliza," alisema. "Umekula?"

Nikamsalimia, salamu zote, mpaka mwisho. Kisha nikachukua simu yake, nikasoma namba mwenyewe, barua pepe ikafunguka mara moja. Ujumbe wa hospitali ulikuwepo, na chini yake mwingine mpya: kwa kuwa hatukuthibitisha, nafasi imetolewa kwa mgonjwa mwingine. Madaktari wakirudi tena, tutajulishwa kwa barua pepe.

Nikamwambia. Alifuta mikono kwenye kanga, akageuza uso wake upande wangu, si usoni kwangu hasa, kidogo pembeni.

"Haya. Aliyepata na aone."

Simu yake ikalia mlio wa ujumbe mkononi mwangu. Akauliza ni nani.

"Ni walewale wa barua pepe, mama. Wanauliza aliyeingia sasa hivi kama ni mimi."

Akarudisha vidole kwenye maharage.

"Hata wewe bado wanakuuliza?" akasema.

Nikabonyeza: ndiyo, ni mimi.